Kifuko cha Majani ya Chai

Wifi yake Fundi aliingia jikoni bila hodi, akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya kabati la vyombo kama askari anavyoweka bunduki mezani. Ukoo mzima ulimwita Kengele. Alikuwa mwalimu mkuu, na sauti yake haikuwahi kuhitaji kipaza.

"Karibu, wifi," alisema Fundi, mjane wa kaka yake, bila kuinuka kwenye kigoda. Alikuwa akikata vikonyo vya tini kavu.

"Mtu hakaribishwi kwao. Sogea. Leo napika mimi."

Fundi alisogea. Alikuwa ameishi katika nyumba hii miaka tisa, mitatu ya mwisho akiwa mjane, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani, ambako wateja walimjua. Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wake. Mzee alikuwa ametoka hospitali mwezi uliopita, amekonda, meno yamebaki mawili yasiyoelewana, na Kengele alitaka kumhamishia kwake, nyumba ipangishwe. Mzee alisema atatoa jibu leo, akishakula. Akienda, Fundi na cherehani yake nje. Jambo lenyewe lilikuwa hilo, na kila mmoja pale jikoni alilijua.

"Nampikia matunda ya mama," alisema Kengele. "Asije akasahau mkono wa nyumbani kwake."

Matunda ya mama yalikuwa tini, aprikoti, plamu na zabibu, yote makavu, yaliyotokoswa ndani ya chai ya rangi mpaka yakawa laini kama shavu la mtoto. Mama mkwe, kabla hajafa, alimwita Fundi akamfundisha. Majani ya chai hufungwa ndani ya kifuko cha kitambaa cheupe, hukaa kwenye maji ya moto dakika nne, kisha kifuko hutoka ndipo matunda yaingie. Moto mdogo. Sukari huja mwisho, kwa sababu ikitangulia hukaza ngozi ya tunda na tunda hukataa kulainika. Kifuko alikishona Fundi mwenyewe, mshono mara mbili, na kwa miaka ya chai kilikuwa kimegeuka rangi ya kiatu kikuukuu.

Kengele alivuta droo akitafuta mwiko, akakikuta. Alikinyanyua kwa kucha mbili.

"Hiki nini?"

"Cha chai."

"Hiki ni tambara. Ndicho unachompikia baba yangu?" Akakitupa kwenye ndoo ya takataka, juu ya maganda ya vitunguu. "Halafu watu wanashangaa mzee haponi."

Maneno yalimjaa Fundi kinywani. Kifuko ni cha mama yako. Mama yako ndiye aliyechagua kitambaa. Akayameza yote, yakashuka kama mfupa wa samaki, na mahali pake pakabaki raha moja mbaya, yenye joto. Acha apike.

Basi Kengele akapika. Alimwaga konzi nzima ya majani ya chai kwenye sufuria, akafuatisha kikombe cha sukari, akatumbukiza matunda, akafungulia moto hadi mwisho. Sufuria ikaanza kufoka.

"Umenuna au umeshiba, wifi?"

"Nakutazama. Mwanafunzi hutazama."

"Vizuri. Miaka tisa darasa moja, leo labda utapanda."

"Kwa mwalimu huyu, nitarudia."

Kengele alicheka puani. Alikoroga, akachungulia, akakoroga tena. Maji yalikuwa meusi, sukari ilikuwa imeanza kuungulia chini, na harufu iliyopanda ilikuwa ya chai iliyosahauliwa jikoni. Mkono wake ukapunguza kasi. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, si ya mwalimu mkuu.

"Mama alikuwa akifunika, au anaacha wazi?"

Fundi alikata kikonyo cha tini moja iliyobaki, polepole.

"Wewe ndiye mwanawe," alisema.

Kengele akafunika.

Mzee alikuwa sebuleni, kwenye kiti chenye mto mgongoni. Kengele alimwekea bakuli mapajani, akasimama mbele yake mikono nyuma. Fundi alibaki mlangoni. Mzee alitia aprikoti kinywani, akatafuna. Akahamishia upande wa pili, akatafuna tena. Jani la chai lilimganda mdomoni, akalitoa kwa kidole, akalipangusa kwenye ukingo wa bakuli. Uso ulimkunjamana kwa uchungu, ukakunjuka. Alikula tini, ngumu kama kifungo. Alikula yote. Ilichukua muda mrefu.

"Ongeza," alimwambia binti yake.

Kengele alipokwenda jikoni, mzee aligeuza shingo.

"Ulikuwepo akipika?"

"Nilikuwepo, baba."

"Uliona?"

Fundi aliutazama mlango wa jikoni. "Niliona."

"Unajua nina meno mawili."

"Najua, baba."

"Binti yangu hajui kupika. Hilo najua tangu ana miaka kumi. Ila yeye amekosea kwa kutojua." Alivuta pumzi. "Wewe uliniona nikitafuna. Ulikuwa unasubiri niteme, uhesabu ushindi. Nitakwenda kwake."

Kengele alikuwa amesimama nyuma yao, mwiko mkononi. Alikuwa ameonja, midomo ilikuwa imemkauka.

"Ulijua," alisema. "Nilikuuliza, ukajua, ukanificha."

Fundi alimpita, akaingia jikoni, akainamia ndoo. Alitoa kifuko, akakikung'uta maganda ya vitunguu, akakisuuza bombani, akakikamua na kukiweka mezani.

"Dakika nne, halafu kitoe. Moto mdogo. Sukari mwisho," alisema. "Sikupi wewe. Nampa mzee."

"Saa hizi ndiyo umepata ulimi."

"Chukua."

Kengele alikichukua, kikiwa bado kinachuruzika, akakitia kwenye mkoba wake. Kisha akafunga saa yake mkononi, akaitazama.

"Cherehani itoke kabla ya mwisho wa mwezi," alisema. "Na hiyo sufuria iliyoungua, isugue. Ni ya mama."