Upepo Uliozidi Injini

Fundi Spana na mdogo wake hawakuwahi kuiva chungu kimoja tangu utotoni, lakini hawakuwa wamefikia kunyimana salamu mpaka ile gari nyeupe ya mdogo mtu, yenye tabo ya kusukumia upepo kwenye injini, ilipoingia katika ua wao mmoja.

Mdogo mtu alikuwa mwalimu wa hesabu. Ufundi aliuokota kwenye simu, kwa kutazama video. Alinunua valvu ndogo ya shaba, akaichomeka kwenye mpira mwembamba unaoongoza presha ya tabo, akawa anaikaza kidogo kidogo kila Jumamosi ili upepo uongezeke. Gari ikaanza kuruka kama imechapwa. Spana, mwenye miaka ishirini na mbili ya kufungua injini za watu, alimwonya kwamba upepo ukizidi na mafuta yakabaki yaleyale, moto utakula pistoni. Akajibiwa kwamba asiyesoma huogopa kila asichokijua.

Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba. Hata hivyo, shemeji yake na watoto walipanda gari ile kila siku. Basi asubuhi moja, mwalimu akiwa anaoga, Spana alifungua boneti, akailegeza valvu mizunguko mitatu. Hakumwambia mtu.

Wiki haikuisha. Mwalimu aliona gari imepungua nguvu, akakagua, akakuta valvu imehama kwenye alama aliyoichora. Hakuuliza ni nani. Aliikaza mpaka ikagoma, akaondoka peke yake kuelekea mlimani, vumbi likimfuata nyuma. Saa sita mchana alirudi akivutwa kwa kamba.

Shemeji ndiye aliyemwomba Spana aifungue injini. Aliifungua. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Akaiinua kwenye mwanga, na kwa nukta moja akafurahi. Furaha ile ilimtisha kuliko tundu lenyewe.

"Umefurahi," alisema mdogo wake, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake muda wote.

"Nilikuonya."

"Ulinionya mara moja. Mara ya pili ukaniingilia gari yangu kama mwizi."

Spana alitaka kusema kwamba aliwafikiria watoto. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote; siku ile akilegeza valvu alikuwa akicheka kimoyomoyo.

"Ningekwambia, ungesikia?"

"Nisingesikia. Tungetukanana, lakini ningejua nina kaka."

Akamnyang'anya pistoni, ikiwa bado inachuruzika oili, akaishika kwa shati lake jeupe la kazini.

Kesho yake gari ikavutwa hadi kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye kazi alifundishwa na Spana huyohuyo. Wake zao waliendelea kuazimana chumvi na kusukana nywele. Ndugu hao wawili, wakipishana uani, kila mmoja hutazama viatu vyake.