Mayai ya Lorna Yanasomeshwa

Kwa Lorna Pruitt hapakuwa na kitu kisicho somo. Watoto wake hawakuwahi kukanyaga shule, aliwafundisha mwenyewe nyumbani, na majira ya kuchipua yalipoingia Ohio, hata kuanika soksi kukawa sayansi. Mwezi wa nne akaweka mayai kumi na mawili kwenye mashine ya kutotolesha, akampigia simu wifi yake Roxanne, mwalimu wa miaka thelathini, kumringishia.

"Haya wifi, ukinionyesha kifaranga hata mmoja, nafunga mdomo," Roxanne akasema. "Ukikosa, mwezi wa nane watoto wa kaka yangu wanakuja shuleni kwangu."

"Utafunga tu!" Lorna akajibu.

Basi mayai yakasomeshwa. Asubuhi yalipimwa uzito, mchana yakachorwa, jioni yakamulikwa tochi. Moja lilipotea siku ya kwanza. Mwanawe Josiah akatuhumiwa kulivunja, akaandikishwa insha ya majuto. Kwenye kifuniko cha mashine paliandikwa kwa herufi kubwa: siku tatu za mwisho usifungue. Lorna aliwasomesha maneno hayo kwa sauti, kisha akafungua ili kila mmoja ayaguse mayai na kuandika alivyojisikia.

"Mama, si wamesema tusifungue?" akauliza Tirza, binti wa miaka tisa.

"Mwanangu, elimu ni kushika kwa mikono!"

Siku ya ishirini na moja Roxanne akafika na keki. Mayai kimya. Lorna akayatikisa moja moja sikioni, machozi yakimlenga. Masikini, madaftari yalikuwa yamejaa pomoni!

Tirza akamvuta shangazi yake mpaka banda la kuku, Lorna na Josiah nyuma yao. Chini ya kuku mwekundu aliyekuwa akiatamia, kichwa kilicholoa kikachungulia, kikalia.

"Lile yai lililopotea nililichukua mimi," Tirza akasema. "Samahani, Josiah."

Roxanne akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya wifi, umeshinda. Nimefunga mdomo."

Lorna karibu aruke kwa furaha. Akachomoa kalamu. "Hongera, mwanangu! Sasa nieleze, kila siku ulilifanyia nini?"

"Sikulifanyia kitu."

Lorna akainama na mizani yake ampime kifaranga, kuku akamdonoa kidole. Tirza akamtazama mama yake akinyonya kidole, halafu akamgeukia Roxanne.

"Shangazi, shuleni kwako mnawapima watoto kila siku?"

"Kila siku? Wako thelathini darasani, nani ana muda huo!"

"Basi mwezi wa nane mimi nakuja."