Kimya cha Sekunde Arobaini na Moja

Jana usiku nilipitiwa na usingizi juu ya tasnifu yangu, nikaota. Sijivunii jambo hili. Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya saikolojia tulifundishwa kwamba ndoto ni ushahidi dhaifu, nami nilifaulu somo hilo.

Katika ndoto ni mchana. Nimeketi kwenye korido ya idara, nikisubiri kutetea utafiti wangu kuhusu uchovu wa wanawake wanaowauguza waume waliopooza. Kando yangu kimeketi kimya kimoja. Kimejitanda kanga ya upande mmoja na kinanuka mafuta ya kuchulia.

Nakitambua mara moja. Ni cha mshiriki namba kumi na mbili, Bi Nyamizi wa Tabora, karani mstaafu wa tiketi za treni. Swali la tisa lilimwuliza kama amewahi kuona ni afadhali asingekuwepo duniani. Alinyamaza kwa sekunde arobaini na moja, ndipo akajibu, "Hapana, mwanangu." Nilipoyaandika mahojiano, jibu nililibakiza. Kimya nilikifuta, kwa kuwa chuo kinaruhusu kurasa themanini tu.

"Umekuja kunishtaki?" nauliza.

"Nimekuja kutafuta tawi," kinasema. "Nimeambiwa humu kila kitu kina tawi lake."

Naona ombi hilo ni la haki. Tunabisha hodi kwenye saikolojia ya tiba, ambako kochi linatupokea bila kusimama.

"Kina dalili ngapi?"

"Moja."

"Sisi tunaanzia tano. Kirudi kikizidiwa."

Kwenye makuzi ya mtoto, kiti kidogo cha plastiki kinauliza umri. Nakitajia sekunde zake. Kiti kinacheka, kinasema kwa umri huo kimya kilipaswa kuwa kimekwisha kusema maneno mawili matatu, tumekichelewesha wenyewe.

Mlango wa saikolojia ya kazi unafungukia stesheni ya Tabora. Hakuna anayeshangaa. Saa ya ukutani inakitazama kimya tangu juu hadi chini.

"Kinazalisha nini?"

"Hakizalishi chochote."

"Basi kimepunguzwa kazini," saa inasema, kisha inaendelea kwenda.

Kwenye dirisha la tiketi ameketi msimamizi wangu, Dakta Mwakibinga, akigonga mihuri.

"Dakta, huyu mama alinyamaza, nami sikuandika."

"Kijana, wewe umeletwa hapa kupima. Wanaosikiliza wana idara yao ya muziki, ghorofa ya chini."

"Naomba ukurasa mmoja tu."

"Themanini," anasema, na kugonga muhuri.

Nyuma yangu, kwenye foleni, amesimama Bi Nyamizi mwenyewe. Hana mzigo wowote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni mnakula karatasi?"

"Unasafiri?"

"Natumia kifungu cha nne."

Fomu ya ridhaa inachungulia kutoka kwenye pindo la kanga yake na kujisoma kwa sauti ya mwanasheria: "Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, bila kueleza sababu."

"Ni kujitoa kwenye utafiti, mama."

"Haikuandikwa ni kwenye nini. Sahihi si yako hiyo?"

Naitazama. Ni yangu, tena nimeikoleza.

"Na mzee je?"

"Nimemgeuza ubavu. Uji nimemwachia karibu na mkono unaofanya kazi." Anakunjua pindo lake na kulikunja tena. "Miaka sita, mwanangu, wote wanaobisha hodi wanauliza hali yake. Wewe peke yako uliuliza yangu. Halafu ukawa unatazama saa."

Treni inaingia bila mlio. Mabehewa yake ni meupe na hayana madirisha. Kimya kinanishika kiwiko.

"Nipe nafasi yangu," kinasema. "Akiniona nimeandikwa, huenda akabaki."

"Kanuni hairuhusu."

"Najua."

Bi Nyamizi ameshaweka mguu kwenye ngazi. Naligeukia dirisha la tiketi.

"Themanini na moja," nasema.

Dakta anainua muhuri, na muhuri haushuki.

Niliamka shavu langu likiwa juu ya sura ya nne. Kumekucha. Jana usiku nilikuwa nimechapisha kurasa themanini, nikazihesabu mara mbili kabla ya kupitiwa na usingizi, maana ndivyo nilivyo. Ukurasa wa mwisho sasa una namba themanini na moja. Kati ya swali la tisa na neno "Hapana" kuna ukurasa mzima usio na kitu.

Nimejieleza jambo hilo kwa njia tatu: printa, usingizi, uzembe. Yoyote kati ya hizo inatosha.

Kanuni inataka namba za simu za washiriki ziharibiwe mara mahojiano yanapokwisha. Yake nilikuwa bado ninayo. Niliipiga kabla ya kunawa uso. Iliita kwa muda mrefu.

"Haloo?"

"Shikamoo, mama. Ni yule mwanafunzi wa maswali. Lile la tisa nilikuuliza vibaya. Naomba nikuulize tena, na safari hii sina karatasi."

Bi Nyamizi alinyamaza. Nyuma yake nilisikia mtu akipumua kwa shida.

Niliivua saa yangu ya mkononi, nikailaza kifudifudi mezani, nikangoja.