Kahawa Kabla ya Kura

Ditte Rosager alikuwa na jambo moja tu moyoni jioni ile: kazi ya kutunza mtambo mpya wa upepo wa kisiwa chao. Kwa miaka kadhaa alikuwa amepanda mitambo ya watu huko baharini, na sasa kisiwa kilikuwa na mtambo wake, mali ya kaya zote. Akinyimwa, angepanda feri ya asubuhi kurudi bara, na hakuona kitakachomrejesha tena. Mpinzani wake alikuwa Troels, kijana mwema anayeogopa hata ngazi ya darini, ila mjomba wake ndiye Holger, mwenyekiti wa ushirika wa kisiwa, ambao ungepiga kura jioni hiyo kumchagua mmoja wao.

Holger hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjanja tu. Kila mkutano mkuu, kura yoyote aliyoihofia aliisogeza mpaka saa ya kahawa, wanawake wakiwa wamejazana jikoni. Walipoinua mikono kupitia kidirisha cha jiko, aliwaambia kwa upole kwamba aliye nje ya ukumbi hahesabiwi. Keki zilikuwa tamu, kwa hiyo hakuna aliyegomba sana.

Safari hii Shangazi Kirstine aliwakusanya wenzake mapema. Wanaume walipoingia walikuta thamosi ziko mezani, keki za krimu zimeshakatwa, na wanawake wote wameketi wametulia kama wageni wa harusini. Holger aliutazama mlango wa jiko, akauliza kama hakuna kilichosahaulika huko. Kirstine akamwambia hakuna, akammiminia kikombe.

Basi Holger akaamua kuwangojea wachoke. Alizungumzia mitaro, rangi ya vibanda vya bandarini, na kulungu wanaomaliza maua ya mchungaji wa kanisa, na kila alipovuta pumzi Kirstine alimwongezea kahawa. Wanaume nao walikunywa kwa kukosa la kufanya; wanawake hawakugusa vikombe vyao. Ditte aliuma midomo, maana kicheko kilikuwa kimemfika kooni.

Sasa, ukumbi ule una choo kimoja. Alianza Troels kutoka, wakafuata ndugu wawili wafuga nguruwe, na punde foleni ikafika nje kwenye baiskeli. Holger mwenyewe akawa anahutubia akisimamia mara mguu mmoja, mara mwingine.

"Mwenyekiti, tupige kura," akasema Kirstine.

"Wenzetu wako nje, Kirstine."

"Aliye nje ya ukumbi hahesabiwi. Si wewe uliyetufundisha?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Hata foleni ilicheka, na katika hali yao hilo lilikuwa kosa kubwa. Holger akafungua kinywa, akakifunga, akaomba mikono.

Lakini wazee sugu wa upande wake hawakuwa wamebanduka, na mama yake Troels alimpigia mwanawe kura, na wanawake rafiki zake wakamfuata. Mikono ikatoka sare. Ditte akaanza kuiwazia feri.

Mtu mmoja hakuwa ameinua mkono. Alikuwa Ejnar, baba yake, mkulima wa viazi, ambaye tangu Ditte aanze kazi ya mitambo hakuwahi kumuuliza chochote zaidi ya kama amekula. Alikaa dirishani, uso umeiva, miguu ameipishanisha kwa nguvu. Kumbe naye alikuwa amekunywa kahawa kama wengine, na muda wote ule hakuondoka.

Akainuka taratibu, mgongo umepinda, mkono juu.

"Mimi niko na Ditte," akasema. "Na sasa jamani, nipisheni."

Akatimua mbio. Foleni nzima ikajibana ukutani kumpa njia, Troels akamshikia mlango. Ndani ya ukumbi Kirstine alikuwa amemkumbatia Ditte kwa nguvu, na Ditte alicheka huku machozi yakimtoka, asiweze kuyazuia wala kutaka.

Ndipo sauti ya Ejnar ikasikika nyuma ya mlango wa choo.

"Ameshinda?"

"Ameshinda, Ejnar," foleni ikamjibu kwa pamoja. "Haya, toka."