Koti la Herta

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, baada ya misa, Irmgard alipanda kilimani kwenye moto wa kijiji. Hakuwa na hamu ya sherehe. Dada yake Herta alikuwa kaburini tangu Novemba, na kukaa peke yake ndani ya nyumba waliyoishi wawili kulimchosha kuliko kupanda mlima.

Wanaume walikuwa wamemaliza kupanga magogo, mnara mrefu kuliko nyumba, mlingoti wa msonobari umesimama katikati. Mchawi alikuwa bado chini, ameketishwa kwenye kiti cha plastiki akingoja kupandishwa: mwanasesere wa kike wa majani makavu, ukubwa wa mtu mzima, tumbo limejazwa baruti, ili moto ukimfikia apasuke na baridi ya mwaka iondoke naye. Miaka yote walimvika matambara. Mwaka huu alivaa koti la kijani la sufu lenye vifungo vya pembe, na kifungo kimoja cheusi ambacho Irmgard alikishona kwa mkono wake.

Koti lile alilitia kwenye mfuko wa nguo za maskini mwezi wa kwanza, akamkabidhi Agatha wa parokia. Agatha huyo alikuwa pale pembeni anakaanga maandazi.

"Agatha, koti la Herta limefikaje hapa?"

"Maskini gani atavaa koti refu namna ile?" Agatha hakuinua macho kwenye karai. "Na nguo ukishaitoa, dada, umeitoa."

Irmgard akamwendea Quido, mkuu wa moto, waliyesoma naye darasa moja. Miaka miwili nyuma, Herta alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema ni aibu Wakristo kuchoma sanamu ya mwanamke huku wakipiga makofi, akamtaja Quido kwa jina mbele ya mkewe. Ukumbi mzima ulimcheka Herta. Quido peke yake hakucheka.

"Quido, nivulie hilo koti. Mvike langu." Alikwisha kuanza kufungua vifungo vya lake.

"Lako fupi, Irma. Mchawi wetu mrefu." Akanywa funda kutoka kwenye chupa, akampa mwenzake. "Tena mwangalie alivyotulia. Mimi sijapata kumwona Herta amenyamaza muda wote huu."

Wanaume wakacheka.

"Pua hatujamwekea," akasema mmoja aliyeshika kamba. "Hebu mdogo mtu atuambie, ilipinda kulia au kushoto?"

"Nakuomba, Quido. Kama ndugu yangu."

Quido akamtazama kwa kitambo, kama mtu anayepima gogo kabla ya kulipasua.

"Haya. Mimi si mtu mbaya. Sema neno moja tu, nitakuvulia. Sema dada yako alikuwa mchawi."

Irmgard akajua Herta angefanya nini. Angemtemea mate, akashuka zake kilimani, koti liungue. Lakini Herta hakuwahi kumzika dada na kubaki na vitu vyake. Viwiko vya koti lile bado vilikuwa na mkunjo wa mikono yake, ile mikono iliyomlisha mama yao uji kwa kijiko miaka kumi na mmoja. Neno litapita, akajiambia, koti nitalala nalo.

"Alikuwa mchawi."

"Wa nyuma hawajasikia."

"Dada yangu Herta alikuwa mchawi."

Quido akavua kofia, akainamisha kichwa kama yuko kanisani.

"Mmesikia wenyewe. Mdogo mtu ndiye kasema, si mimi. Na mchawi tunamfanyaje?"

"Tunamchoma," wakajibu.

Akaashiria kwa kidole, kamba ikavutwa, mchawi akaanza kupanda mlingotini. Irmgard alirukia pindo la koti, sufu ikamponyoka vidoleni. Wawili wakamshika mikono taratibu, kama walivyomshika Novemba pale kaburini. Tena walikuwa wale wale.

Giza lilipoingia kijiji kizima kilipanda na mienge, bendi ikipiga. Irmgard hakuondoka. Alisimama palepale walipomwacha, akatazama moto ukipanda gogo kwa gogo. Mkono wa kijani ulishika kwanza, ukajikunja kana kwamba unaita mtu. Kisha baruti ikalipuka, watu wakapiga makofi, wakaambiana kwamba huyu wa mwaka huu kapasuka vizuri, baridi itawahi kuondoka.

Agatha akamjia na andazi la moto kwenye karatasi, limenyunyiziwa sukari.

"Kula, hujatia kitu kinywani tangu misa. Watu wanakusifu ulivyolichukulia jambo kwa utani. Herta asingeweza."

Irmgard alikuwa na njaa. Akalipokea, akasema asante, akalila lote.