Uyoga wa Nyuma ya Machimbo

Kila mvua za kwanza zikinyesha, fundi cherehani alikuwa akifunga kibanda chake na kwenda msituni na wifi yake kutafuta uyoga. Mumewe, kaka wa huyo wifi, alishafariki, lakini wanawake hao walibaki chanda na pete.

Safari hii walikuta kichuguu nyuma ya machimbo ya mawe kimefunikwa na uyoga mweupe, bado una umande. Wifi alipiga magoti akaanza kuchuma taratibu, asiharibu ule uliokuwa bado mdogo.

"Leo tutasahau nyama," alisema.

Mchoma mkaa akatoka vichakani na panga mkononi. Walimjua kwa sura tu, mtu wa hasira za karibu.

"Huku ni kwangu. Mwageni, muondoke."

"Kwako tangu lini?" wifi akauliza bila kuinua kichwa. "Huu uyoga uliupanda wewe?"

Panga likashuka. Wifi alijikinga kwa mkono, na fundi akasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu.

Fundi hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Aliokota jiwe, akampiga nalo mchoma mkaa sikioni. Alipoyumba akampiga la mdomo. Meno yakaruka pamoja na damu. Jamaa akaanguka chali. Fundi akamkalia kifuani, akapiga jicho, akapiga tena palepale, hasikii chochote ila pumzi zake mwenyewe.

"Wifi, basi," sauti ikamfikia, nyonge. "Nataka wa kunifunga mkono, sitaki wa kufungwa jela."

Jiwe likamtoka. Alichana kanga yake, akamfunga wifi kwa nguvu juu ya jeraha, wakatoka msituni wameshikana. Njiani akawaambia wavunja mawe wakamchukue yule mwingine.

Hospitalini wifi alikatwa mkono kwenye kiwiko. Mchoma mkaa alipona na jicho moja, akahukumiwa kifungo. Fundi aliachiwa, kwamba alijitetea. Watu walimpongeza, yeye akainamisha macho. Alijua kwamba yale mapigo ya mwisho hayakuwa ya kujitetea, na kwamba aliyapiga kwa raha.

Mvua ziliporudi, wifi alimfuata kibandani, kikapu begani.

"Mimi siendi," fundi akasema. "Najiogopa."

"Mimi sikuogopi. Na kwa mkono mmoja sijui nitashikaje kikapu nikichuma. Twende, bwana, jua linapanda."

Fundi akaifunika cherehani.