Springi Mbili Laini

Pikipiki ya Kamanthe ilikuwa na tabia moja ya kumtia mtu aibu: ikifika kilimani ilikuwa na kelele nyingi kuliko mwendo. Injini ililia kama inakwenda Mombasa, mbuzi waliokuwa ndani ya tenga nyuma wakatazamana, na gurudumu likazunguka polepole kana kwamba halihusiki na zile kelele. Klachi ilikuwa inateleza. Ilikuwa imeteleza miaka mingi, tangu enzi za baba yake, ila sasa ilizidi.

Baba yake, marehemu Wathome, ndiye aliyeianza kazi hiyo ya kukusanya mbuzi katika maboma ya Kalama na kuwapeleka mjini Machakos kwa Abdiqani, mfanyabiashara wa mifugo. Huko lori lilikuwa likiwangoja liwapeleke kwenye machinjio ya Athi River. Vijana wa stegi ya bodaboda walimwita Wathome Kobe, maana hakuna aliyewahi kumwona akimpita mtu kilimani. Wathome alicheka nao, akawaambia kobe pia hufika. Alipofariki mwaka jana, wakati wa mvua za vuli, Kamanthe alirithi pikipiki, kazi, na lile jina pia.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa inaponyoka. Mara mbili lori lilikuwa limeondoka kabla hajafika, na mbuzi wakabaki kwa Abdiqani wakila majani yake. Abdiqani hakuwa mtu mbaya. Alimkalisha, akamwagizia chai ya maziwa, akamweleza kwa upole kwamba yeye na Wathome walikuwa kama ndugu, lakini dereva wa lori si ndugu ya mtu. Akichelewa tena, kazi ingeenda kwa Wesley, kijana mwenye pikipiki mpya na mdomo mpana. Watu wengi walimshauri Kamanthe auze kile chuma kuukuu anunue pikipiki nyingine. Yeye aliona heri auze kitanda alale chini.

Ndipo akaipeleka kwa Josphat, fundi wa nyuma ya soko, aliyekuwa rafiki wa baba yake tangu ujana. Alimwambia hataki kurekebishiwa, anataka kubadilishiwa: pleti nene za kazi nzito, springi ngumu, kebo mpya, klachi ya kupanda mlima na mzigo bila kulia. Josphat alifurahi sana. Alisema alikuwa amemwomba Wathome afanye hivyo miaka nenda miaka rudi, na kila mara Wathome alikuwa na sababu.

Alimwaga oili, akafungua kifuniko cha injini, na hapo akaanza kucheka. Alimwita Kamanthe aje aone kazi ya fundi feki. Kati ya springi nne zilizobana pleti, mbili zilikuwa za pikipiki hiyo na mbili zilikuwa nyembamba, laini, za pikipiki ndogo kabisa. Alisema si ajabu klachi ilikuwa inateleza. Nusu ya nguvu yake haikuwepo.

Kisha akaacha kucheka. Aliinama akatazama tena. Zile laini hazikuwa zimewekwa ovyo. Zilikuwa zimekaa mkabala, moja huku na nyingine kule, ili pleti zifunguke sawasawa bila kwenda upande. Aliyefanya hivyo alijua anachokifanya.

"Mwiitu wa Wathome," alisema, akimwita binti wa rafiki yake kwa Kikamba kama alivyozoea, "hizi springi nilimpa mimi. Alikuja hapa akaniambia anataka mbili laini, za mtoto. Mimi nikafikiria anatengenezea mtoto wa jirani kitu ya kuchezea."

Kamanthe alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto.

Alipokuwa mdogo alitumbukiza mkono ule ndani ya sufuria ya uji uliokuwa ukichemka. Vidole viwili vya mwisho vilipona vikiwa vimekunjamana, na vile viwili vingine vilibaki na nguvu kidogo tu. Shuleni hakuruka kamba, nyumbani hakupewa ndoo kubwa, na shangazi zake walimzungumzia kwa sauti ya msibani. Alipomaliza kidato cha nne alimwambia baba yake anataka kujifunza pikipiki. Shangazi walicheka, kwa sababu klachi huvutwa kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi ya kwanza, uwanjani, alishindwa kabisa. Alivuta mpaka machozi yakamtoka na kishikio cha klachi hakikufika hata nusu. Wathome alimwambia wajaribu tena Jumapili jioni. Asubuhi ile ya Jumapili hakwenda kanisani. Alisema mgongo unamuuma, akabaki peke yake nyuma ya nyumba. Jioni walirudi uwanjani. Kamanthe akavuta, na kishikio kikaja chote. Wathome alipiga makofi peke yake pale uwanjani.

"Unaona sasa?" alimwambia. "Mkono iko sawa. Ilikuwa inangoja kazi tu."

Na Kamanthe aliamini. Aliamini tangu siku ile mpaka asubuhi hii. Kwa imani hiyo alijifunza kuendesha, akabeba ndoo kubwa, akawajibu shangazi zake, akatembea barabarani bila kuuficha mkono mfukoni. Sasa aliiona ile Jumapili upya: haukuwa mgongo, zilikuwa springi laini, ili kishikio kivutike kirahisi. Aliwaona pia wale vijana wa stegi na kicheko chao, na baba yake akicheka nao, miaka yote, huku akijua kwa nini anapitwa, na kwamba neno moja tu lingewanyamazisha. Hakulisema. Kamanthe alikaa juu ya tairi kuukuu la Josphat akalia bila kujificha, na Josphat, ambaye hakuzoea kuona watu wakilia kwenye gereji ila wakati wa kulipa, akageuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Baada ya muda Josphat alimweleza kwa upole kwamba angeweza kumwekea pleti mpya na kuzirudisha zile laini. Kishikio kingebaki chepesi, ila kwa mbuzi watatu na kilima kile, klachi ingeteleza tena. Akiweka zote ngumu, pikipiki ingepanda kama inakimbia mbwa, lakini mkono wake ungelazimika kufanya kazi ambayo haujawahi kuifanya.

"Weka zote ngumu," Kamanthe alisema.

Josphat alipomaliza, Kamanthe alipanda, akavuta. Kishikio kilifika katikati kikagoma. Alipotia gia, kitu kililia ndani kama sufuria inayokwaruzwa, pikipiki ikaruka mbele na kuzima. Akajaribu tena, ikazima tena. Josphat alitazama pembeni. Kamanthe aliona kazi ikienda zake kwa Wesley, na wale shangazi wakiitikia kwa kichwa.

Hapo akakumbuka jambo jingine la uwanjani. Ile Jumamosi ya kushindwa, kabla ya springi zozote, baba yake alikuwa amemwambia asishike kishikio katikati; ashike mwishoni kabisa, nchani, ambako ni kwepesi. Jumapili hakukuwa na haja tena, na somo likasahaulika. Kamanthe aliomba spana. Alilegeza kishikio, akakisogeza kuelekea katikati ya usukani mpaka vidole vyake viwili vizima vikaangukia nchani, akakaza. Akavuta. Kiliuma mpaka kwenye kiwiko, lakini kilikuja, polepole, chote. Gia iliingia kimya.

Safari hii ilikuwa kweli ni mkono wake.

Kesho yake asubuhi alipakia mbuzi watatu na kuukabili mlima. Injini haikulia. Nguvu yote aliyotia kwa mkono wa kulia, ule wa mafuta, ilifika kwenye gurudumu, na mbuzi, kwa mara ya kwanza, wakapepewa masikio na upepo. Alipita kona moja yenye jiwe kubwa bila hata kupunguza mwendo. Mjini alilikuta lori bado linapakia. Abdiqani alitazama saa, akamtazama yeye, akamwambia kesho kuna wanne. Wesley alikuwa ameegemea pikipiki yake mpya, na siku hiyo mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Wakati wa kurudi, tenga likiwa tupu na mkono ukiwaka moto, alifika tena kwenye ile kona. Hapo ndipo baba yake alikuwa akisimama kila siku. Kamanthe akiwa naye, walikaa juu ya jiwe wakala muhogo wa kuchemsha, wakiutazama mji kule chini, na Wathome alisema neno lile lile: tupumzishe chuma. Kamanthe alikuwa amedhani baba yake aliyapenda mandhari ya pale. Kumbe pleti zilikuwa zinaungua, na zilihitaji kupoa, kwa sababu ya springi mbili za mtoto.

Alisimama. Alizima injini, akaketi juu ya jiwe upande wake wa zamani, akauacha ule mwingine wazi.

"Nau," alimwita baba yake kwa Kikamba, "tupumzishe chuma."

Akakaa pale muda mrefu, ingawa chuma hakikuwa kimechoka.